Bastola ya Sekela na Mtamba wa Ibaba

Sekela alifika Tunduma mwaka ule treni za abiria zilipoanza kupita. Alikuja na cherehani, na mume mrefu aitwaye Osward aliyekuwa amepata kazi stesheni, na mdomo unaojua kupatana. Aliniuliza kibaraza cha duka langu nakikodisha kwa nani. Nikamjibu sikikodishi, kinakaa bure tu.

"Basi kama kinakaa bure, na mimi nitakaa bure," akasema. "Nitakuwa nakufagilia."

Kabla sijapata la kujibu, cherehani ilikuwa imeshashushwa kwenye mkokoteni. Mimi nilitoka Kondoa nikiwa utingo wa malori, duka nimelipata kwa kupatana na watu wagumu zaidi ya huyo, lakini siku hiyo nilishindwa mlangoni kwangu. Sikujuta. Wateja wake wa sare za shule walikuwa wakisubiri vipimo huku wananunua kwangu chumvi na viberiti.

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni mkasi. Alikata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mikasi ya dukani imetengenezwa kwa wa kulia, alikuwa akiibana kwa namna yake, kidole gumba kikisukuma upande ambao mtu mwingine angevuta. Kitambaa kilitoka kimenyooka. Kula alikula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kupokea kitu kwa mtu kwa mikono miwili, adabu zote kama zinavyotakiwa milimani kwao Ileje. Kazi peke yake ndiyo iliyokwenda kushoto.

Zamu yake ya mafunzo ya mgambo ilipofika, akaenda kama tulivyokwenda wote. Mwalimu wetu alikuwa Shaban, koplo mstaafu, mtu wa kelele. Kwenye bunduki kubwa alimlazimisha kushika kulia, naye akapiga kama watu wengine, si vibaya si vizuri. Lakini Shaban alikuwa pia na klabu yake ndogo ya shabaha, na bastola moja ya upepo, ile isiyotumia baruti. Unavuta mkono wake wa pembeni kujaza upepo, unaweka kidonge kimoja cha risasi kidogo kama punje ya mtama, unalenga kadi iliyo mita kumi mbele yako. Inashikwa kwa mkono mmoja tu. Huo mmoja Shaban hakusema uwe upi.

Jumapili mchana watu wakitoka kanisani walikuja uani kwangu, maana nyuma ya ghala nina ukuta mnene wa udongo unaofaa kupigwa. Sekela alishika bastola kwa kushoto, mkono wa kulia akautia mfukoni mwa gauni, akapiga. Shaban akaenda kuitazama kadi, akarudi kimya. Kwa aliyemjua Shaban, ukimya ule ulikuwa sifa kubwa.

Ikaja habari ya mashindano ya mkoa, Mbeya, siku ya Saba Saba. Klabu yetu ilipewa nafasi moja ya bastola ya upepo, na Shaban akampa Sekela bila kupiga kura. Kwa mara ya kwanza nikamwona yule mwanamke anashona huku anaimba. Kisha ile bastola ikavunjika springi, ikawa haitumi kidonge hata kufika ukutani. Shaban akauliza Mbeya kama wataazima. Akarudi na jibu la mkato: kila mtu aje na yake, hakuna kuazimana, na asiyekuwa nayo nafasi yake anapewa mwingine.

Sekela akaacha kuimba.

Mtu mwenye bastola za namna hiyo Tunduma nzima alikuwa mmoja, Mudala Kapembwa, Mbemba aliyestaafu migodi ya shaba huko Zambia akaja kukaa kwa mkewe, Mama Roda, upande wetu. Mudala kwa Kibemba ni mzee, na hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa amejifunza shabaha kwenye klabu ya mgodini. Sasa macho yameingia ukungu, anamtambua mtu kwa sauti, na bastola zake mbili zilikuwa ndani ya kabati zikingoja mnunuzi. Polisi walizijua, na Shaban alikwishapata kibali kwamba itakayonunuliwa itakuwa mali ya klabu na itatunzwa kituoni. Kilichobaki ni cha kulipia. Mudala hakutaka noti. Alitaka ng'ombe jike, aanze zizi.

Klabu haina ng'ombe. Mwenye ng'ombe alikuwa baba yake Osward, Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa kule Ibaba, mtu wa maharage na mahindi na zizi zuri. Osward alikwenda kumweleza akijua atafukuzwa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Anawashinda na wanaume?" Osward akasema ndiyo. "Basi nitamleta mtamba mwenyewe."

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwao Undali, huko huko Ileje, mke wa mwana na baba mkwe wake hawatazamani. Akimsikia anakohoa njiani, mwanamke anaingia shambani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, na mwanamke halitamki jina la mkwewe. Wapo vijana wa mjini walioanza kulegeza. Sekela hakulegeza, na mzee ndiyo kabisa. Mimi wa kuja niliona ni usumbufu, mpaka nilipohesabu nyumba ninazozijua ambazo mkwe na mkwe wanaonana kila siku na kugombana kila siku.

Basi Mzee Ambilikile akateremka kutoka Ibaba na mtamba wake, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye bega, kwato safi. Nikamwambia, "Mzee, kunywa chai, nikatoe mzigo wangu stesheni, nikirudi twende wote kwa Mudala. Usiende peke yako."

"Kwani mimi sijawahi kununua kitu?" akasema.

Nilipotoka stesheni nilipitia kwa Mudala moja kwa moja. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpapai na Mama Roda anampa maganda ya ndizi. Sekela, aliyekuja kuiona bastola, alikuwa nyuma ya jiko, amejibanza, kwa sababu sauti ya mkwewe ilikuwa inatoka sebuleni. Ndani, wazee wawili wanacheka kama waliosoma pamoja.

"Umechelewa, mukwai!" Mudala akaniambia, yaani bwana, baada ya kunisikia nikikohoa. "Biashara imekwisha. Kamba iko kwangu."

Ng'ombe ukishamkabidhi mtu kamba, umemkabidhi ng'ombe. Hilo halina mjadala, Ileje wala Kondoa.

Mezani palikuwa na bastola mbili. Moja nyeusi, nyembamba, mpini wake wa mbao umenyooka, wa kawaida, umechakaa kwa jasho. Ya pili ilikuwa inang'aa. Mpini wake umechongwa kwa mbao nyekundu, una mashimo ya vidole, una kibao cha kukalisha kiganja na shimo la kulaza kidole gumba. Mzee Ambilikile alikuwa ameishika hiyo ya pili na hataki kuiweka chini.

"Amri, hebu ona," akaniambia. "Huu mpini umenikumbatia. Ukiutia mkononi wenyewe unajua pa kukaa. Ile nyingine ni kama mpini wa jembe."

"Nimempa ya kifalme," Mudala akasema. "Ile nyeusi ni ya kujifunzia. Hii ndiyo ya mashindano."

Hakudanganya. Ilikuwa ya mashindano kweli, na kwa mkono wa Mzee Ambilikile ilikaa kama ameagiza. Ila mkono wa Mzee Ambilikile haukuwa unakwenda Mbeya.

Nikaichukua, nikaipeleka nyuma ya jiko. Sekela akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kuelekea ukutani ambako mkwewe yuko, akaitia mkono wa kushoto. Kile kibao cha kiganja kikamchoma upande wa vidole. Kidole gumba hakikupata pa kulala. Akaigeuza, akaibana, akajaribu kuishika kama anavyoshika mkasi. Kisha akafanya kitu alichofundishwa na Shaban: akafumba macho, akainua mkono kuelekea ukuta, akatulia, akafumbua. Bastola ikikufaa, ukifumbua macho unakuta kijino cha kulengea cha mbele kimekaa katikati ya pengo la nyuma chenyewe, bila kukitafuta. Ya Sekela ilikuwa inalenga choo cha Mama Roda.

"Nitajifunza mkono wa kulia," akaninong'oneza.

"Huo wa kulia unao tangu umezaliwa na hujajifunza. Utajifunza kabla ya Saba Saba?"

"Kaka Amri, nakuomba usimwambie. Ametembea na ng'ombe kutoka Ibaba."

"Na wewe utatoka Mbeya na nini?"

Jioni ile uani kwangu alijaribu mkono wa kulia kweli. Vidonge vilikwenda kila mahali, kimoja kikatoboa ndoo yangu ya bati. Shaban akasema wazi, hawezi kumpeleka mtu Mbeya akaiaibishe Tunduma. Akiendelea hivyo, nafasi ataiachia klabu ya Mbozi. Osward naye, nilipomwambia akaongee na baba yake, alijikuna kichwa. "Baba ametoa ng'ombe. Mimi nimwambie nini? Kwamba hajui kuchagua?"

Katika biashara nimejifunza kwamba anayeogopa kusema mapema ndiye anayelipia baadaye. Asubuhi nikamkuta mzee kibarazani kwangu anajiandaa kuondoka. Sekela alikuwa amehamishia cherehani uani ili ampishe. Nikamwekea mzee chai nyingine.

"Mzee, mkweo anatumia mkono gani?"

"Kufanyia nini?"

"Kukatia nguo. Kulengea."

"Wewe unanitafutia balaa. Nitajuaje? Nikimwona nageuka."

"Ni wa kushoto."

Aliweka kikombe. Akakitazama kiganja chake cha kulia, akakifumba, akakifumbua. Alikuwa anaukumbuka ule mpini.

"Kwa hiyo ulichongwa kwa..."

"Kwa mkono kama wako."

"Kwa hiyo nimejinunulia mwenyewe."

"Umejinunulia, na wewe huna mashindano."

Nilidhani atakasirika. Akacheka mpaka chai ikampalia, nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi, sura ikabadilika. "Lakini kamba nimeshaitoa, Amri. Siwezi kwenda kumdai mtu ng'ombe niliyempa mchana kweupe. Na ile nyeusi ni duni. Watasema Ambilikile alimpa mkwewe ya kujifunzia, yenyewe ya kifalme akairudisha."

"Hatudai ng'ombe. Na kama ni duni tutajua. Hamia mlango wa nyuma, uani uupe mgongo."

Nikamtuma Shaban akamlete Mudala na ile nyeusi. Mudala akaja ameshika bega la Shaban. Nikamkalisha karibu na Mzee Ambilikile kwenye mlango wa nyuma wa duka, mmoja ameelekea barabarani, amewapa mgongo wote wa uani, mwingine ameelekea uani lakini haoni mbele ya pua yake. Hao ndio waliokuwa waamuzi wangu. Mmoja haruhusiwi kuona, mwingine hawezi.

Shaban kwanza akailaza kila bastola juu ya mfuko wa mchanga, akaipiga hivyo ili mkono wa mtu usiingie. Zote mbili zilitoboa mahali pamoja. Mitutu ilikuwa mizima. Nikazijaribu triga. Ile ya kifalme ilikuwa laini kidogo zaidi, nakubali. Nyeusi ilikuwa nzito, lakini ilikatika safi, bila kukokota.

Sekela akasimama kwenye mstari. Akafumba macho na nyeusi mkononi, akainua, akafumbua. Akatabasamu kabla hajapiga. Ule mpini ulionyooka haukujali kulia wala kushoto.

Akapiga kadi moja kwa kila bastola, zote kwa mkono wake wa kushoto. Mlangoni tulisikia tu mlio, kama mtu anayepasua ganda la njugu. Nikachukua kadi zote mbili nikawapelekea waamuzi, bila kusema ipi ni ipi.

Mzee Ambilikile akapitisha kidole. Kwenye ya kwanza kidole kilitembea, shimo hapa, shimo kule, moja karibu na ukingo. Kwenye ya pili kikasimama. Mashimo yalikuwa yamekulana mpaka kidole chake cha shahada kikapita.

"Hii ni panya," akasema. "Ametafuna."

Mudala akaipokea, naye akaipapasa, polepole, akaipeleka karibu na jicho ambalo lina nafuu. "Awe, mukwai," akasema, yaani hapana, hawezi kuamini. "Nani huyu? Mgodini watu kama huyu tulikuwa tunawanunulia bia."

"Ni mke wa mwanangu," mzee akasema, bado ameelekea barabarani, shingo imenyooka. "Ni bastola gani?"

"Nyeusi," nikamwambia.

Basi kazi yangu ikaanza. Mudala akasema upesi, kwa sauti ya mtu mwema, "Hakuna shida. Nirudishieni ya kifalme, chukueni nyeusi, tuko sawa."

"Hatuko sawa, Mudala. Jana ulisema mwenyewe hii ni ya mashindano na ile ni ya kujifunzia. Mtamba alikuwa bei ya ya mashindano."

"Iwe, wewe Amri, si mmesikia kadi? Ya kujifunzia ndiyo imeshinda!"

"Imeshinda kwa mkono wa Sekela. Wewe utaiuza ile nyingine kwa mtu mwenye mkono wa kulia, na hao dunia imejaa. Utapata ng'ombe mwingine. Halafu uwe na wawili, sisi na panya wetu."

Akakunja vidole viwili. Nikajua ameshahesabu.

"Unataka nini?"

"Makopo yote ya vidonge uliyonayo. Springi ya akiba. Sanduku lake. Na ndama wa kwanza wa yule mtamba arudi Ibaba."

"Ndama! Mtamba hata dume hajamjua!"

"Ndiyo maana nakuomba leo. Akishazaa utamwona mzuri, utakataa."

Mzee Ambilikile alikuwa anatazama barabara kama vile hatusikii, lakini bega lilikuwa linacheka. Mudala alipigania springi, alipigania sanduku, ndama alimpigania mpaka Mama Roda mwenyewe, aliyekuwa amekuja kumtazama mumewe, akasema, "Mpe, mukwai, jua linatuchoma. Kwani ndama utamkamua wewe?" Wakapeana mikono. Mimi nilichukua changu pia: chai na mandazi vya siku za shabaha visiuzwe na mtu mwingine uani kwangu. Shaban alilalamika, mkewe alikuwa anapika mandazi. Nikamwambia alete, tutagawana.

Mbeya tulikwenda kwa basi. Sekela alikaa mbele karibu na dereva, Mzee Ambilikile kiti cha nyuma kabisa, na Osward katikati akipitisha karanga huku na huku. Kwenye ukumbi wa mashindano mzee hakuingia. Aliomba kiti, akakiweka nje ya mlango, akaupa mlango mgongo. Askari mmoja akamuuliza, "Mzee, mbona unakosa mambo?"

"Sikosi. Wananiletea," akasema.

Na kweli nilimletea, kila kadi ilipotolewa. Alipitisha kidole, akatikisa kichwa, akaitia ndani ya koti. Mwanzo kidole cha mzee kilitembea tembea, akakunja uso. Baadaye kikaanza kusimama. Kadi ya mwisho aliishika muda mrefu kuliko zote. Kijana mmoja wa magereza alimzidi Sekela kwa kidogo sana, na Sekela akawa wa pili katika mkoa mzima, mwanamke pekee kwenye mstari. Zawadi yake ilikuwa taa ya karabai, mpya, na glasi yake. Shaban alipiga kelele mpaka akaambiwa atoke nje.

Taa hiyo Sekela alimpa Osward, Osward akampa mama yake, mama akaitundika Ibaba. Ndivyo ilivyofika kwa mzee bila mkono kugusa mkono.

Sekela aliendelea kupiga miaka mingi baada ya hapo. Ilipofika miaka ya shida, sabuni haipatikani wala vipuri, ile nyeusi ikaanza kuvuja upepo kwenye pistoni. Sekela akakata duara la ngozi kwa mkasi wake, kwa mkono ule ule, akaliloweka kwenye mafuta usiku kucha, akalipachika. Ilipiga tena. Alifundisha mabinti wa mgambo, alishona sare, alizaa watoto wanne, na kibaraza changu hakukilipia hata siku moja. Nikimkumbusha anasema, "Si nakufagilia?" Anafagia kweli.

Yule mtamba wa Mudala alizaa jike. Nilikwenda mwenyewe kumchukua kabla mwenye zizi hajapata maneno, nikampandisha mpaka Ibaba. Alikuwa mwekundu, mwenye baka kama la mama yake. Mzee Ambilikile alimzunguka, akamshika masikio, akampa jina hapo hapo.

Mara ya mwisho nilipolala kwake, jioni ng'ombe wakirudi, mzee alisimama kwenye mlango wa zizi akiita. Sekela alikuwa amekuja kusalimia, yuko nyuma ya nyumba na mama mkwe wake wanachambua maharage. Ng'ombe waliingia mmoja mmoja, na yule wa bastola, sasa mkubwa, mwenye maziwa, alikuwa amebaki nyuma anakula majani ya mtu.

"Kushoto!" mzee akaita kwa nguvu mpaka ng'ambo ya bonde. "Kushoto wangu, njoo nyumbani!"

Nyuma ya nyumba nilisikia mtu anacheka, maharage yakimwagika kwenye ungo. Mzee naye alisikia. Hakugeuka. Aliita tena, kwa nguvu zaidi.